Mbali na mfarishi, nishone nini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na washonaji wa nyumbani Unguja na Pemba

Maswali haya ni ya watu wanaoshona nyumbani: waliorithi cherehani ya bibi, walionunua mpya, na wasio na chochote ila sindano na uzi. Majibu yamefuata maisha ya hapa visiwani, yaani joto, hewa ya chumvi, masika, makabati yaliyojaa doti, na nyumba ambazo mlango wake hushinda wazi.

Kila nikitafuta mafunzo ya kushona kwenye intaneti naletewa mifarishi ya kuunga vipande. Ni lazima nianze na hiyo?

Si lazima hata kidogo. Mfarishi ni kazi nzuri, na watu wa nchi za baridi wana sababu ya kuupenda: tabaka mbili za kitambaa na pamba katikati huwahifadhi usiku. Sisi kaskazi ikivuma, mchana joto linapita nyuzi 30, na usiku hata shuka huwa zito. Isitoshe, mfarishi ukishafuliwa wakati wa masika huchukua muda mrefu kukauka, na kabla haujakauka huanza kunuka.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni kushona kitu ambacho nyumba yake itakitumia kesho asubuhi: foronya, pazia la mlangoni, mfuko wa sokoni, mkoba wa chuoni (madrasa) wa mtoto. Vyote hivi ni mishono iliyonyooka. Unakaa na cherehani baada ya alasiri, na kabla ya kulala kitu kimekwisha. Furaha ya kuona mtu anakitumia ndiyo itakayokurudisha kwenye cherehani siku ya pili.

Na kama unachopenda hasa ni kule kuunga vipande, basi hilo nalo ni letu tangu zamani. Masimulizi ya asili ya kanga yanasema kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua leso za kuchapwa zilizouzwa kwenye jora, wakizikata tatu tatu bila kuzitenganisha, kisha wakiunga mapande mawili wapate nguo moja ya leso sita. Baadaye wafanyabiashara walianza kuagiza nguo iliyochapwa nzima. Kabla ya kiwanda, kulikuwa na mwanamke na sindano yake.

Mama mkwe kanipa doti nzuri. Ni vibaya kuikata?

Inategemea kanga yenyewe na aliyeitoa. Kisutu, ile ya harusi, usiiguse, ikunje uihifadhi. Kanga ya kumbukumbu ya mtu aliyefariki nayo iache ilivyo. Hii ya mama mkwe nakushauri uivae kwanza aione mwilini mwako, na ukitaka kuishona baadaye umuulize. Wengi hufurahi wakisikia kanga yao itakuwa mto wa sebuleni au ubeleko wa mjukuu. Kinachoumiza ni kuikuta imekatwa bila habari.

Kwa mazoezi, tumia kanga zilizokwisha kufubaa. Zimekwisha sinyaa, rangi imekwisha toka, na kitambaa kimelainika, kwa hiyo hazitakuletea mambo ya kushangaza baada ya kufua.

Jambo jingine ni jina la kanga. Kabla mkasi haujaingia, soma maneno na upange yatakwenda wapi. Ukikata katikati ya sentensi, kitakachobaki kinaweza kuwa tusi ambalo hukulikusudia. Na hata maneno yakibaki mazima, fikiria nani atayasoma. Mto wenye "Hasidi hana sababu" ukimwekea mgeni mgongoni, atakaa akijiuliza kafanya nini. "Mgeni njoo mwenyeji apone" ndiyo ya kochi la wageni.

Kanga moja inatoa foronya ngapi za mito ya makochi?

Kanga nyingi zina urefu wa kama sentimita 150 na upana wa kama 110. Kwa mto wa sentimita 40 kwa 40, kata uso mmoja wa 43 kwa 43, na vipande viwili vya nyuma vya 43 kwa 28. Ukivipanga kwa safu, safu moja inachukua sentimita 99 za upana wa kanga na 43 za urefu. Safu tatu zinachukua 129. Kwa hiyo kanga moja inatoa foronya tatu, doti inatoa sita, na kila kanga inakubakishia ukanda wa kama sentimita 21 unaotosha mikanda ya mfuko.

Vipande vya nyuma vinalaliana, hivyo huhitaji zipu wala vifungo. Pinda ukingo mmoja wa kila kipande cha nyuma, mara mbili, sentimita moja na moja. Laza uso wa mto ukikutazama, weka vile vipande viwili juu yake uso kwa uso, kingo zilizopindwa zikutane katikati na kupandana, kisha shona pande zote nne kwa nafasi ya sentimita moja na nusu. Geuza. Hesabu hii inahesabu kitambaa tu, haijali pindo wala mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga. Ukitaka ua la katikati likae sawasawa usoni, au pindo lizunguke mto wote, utapata foronya moja, pengine mbili kwa kanga. Mimi naona hasara hiyo ni halali yake, maana kanga iliyokatwa bila kutazama mji wake hupoteza sura.

Kitu gani kimoja ungenishauri nishone mwezi huu?

Pazia la mlangoni. Nyumba zetu zinataka upepo upite kutoka mlango wa mbele hadi uani, na pia zinataka mpita njia asione ndani. Pazia ndilo linalokuruhusu kupata yote mawili, na bado watu wananunua yaliyoshonwa kwa haraka, mafupi au mazito kupita kiasi.

Pima kutoka kwenye kamba au bomba la pazia hadi sakafuni, toa sentimita nne au tano. Usiliache liguse chini: siku ya kupiga deki litanyonya maji, na mguuni kwake ndipo ukungu utakapoanzia. Upana uwe mara moja na nusu ya mlango kwa kitambaa chepesi. Mara mbili kama unataka marinda yaliyoshiba. Juu acha sentimita nane za kupinda njia ya bomba. Chini pinda upindo wa sentimita 10, mara mbili, ili uzito wa kitambaa chenyewe ulivute pazia lisipeperuke mpaka juu ya meza. Kusi ikikazana na upindo hautoshi, tia mnyororo mwembamba ndani yake.

Kitambaa? Pamba nyepesi au vuali. Poliesta nzito inang'aa dukani lakini inazuia upepo, na upepo ndio sababu ya mlango kuwa wazi. Ukitaka uzuri zaidi, shona ukanda wa kanga au kitenge chini na kwenye ukingo mmoja. Kabla ya sikukuu kila nyumba inataka mapazia mapya na mafundi wanazidiwa na kazi. Anayejua kushona lake mwenyewe hapangi foleni.

Mito nijaze nini?

Sufi, kama unaipata. Misufi ipo mashambani Unguja na Pemba, na maganda yakipasuka wakati wa kiangazi sufi huokotwa, ikatolewa kokwa na kuanikwa. Ni nyepesi kuliko pamba na haipendi maji. Ndiyo maana zamani ilijazwa katika maboya ya kuvaa melini. Funga kitambaa puani wakati wa kuichambua. Usiitie moja kwa moja ndani ya foronya: shona kwanza mfuko wa bafta (kitambaa cheupe cha pamba) iliyosokotana vizuri, jaza, ziba, ndipo uvae foronya juu yake. Sufi hushika moto upesi sana, kwa hiyo mto wake uwekwe mbali na mshumaa, koroboi na chetezo. Na usiifue, maana itagandamana. Ianike juani tu na kuipigapiga.

Kwa mito ya barazani inayokaliwa siku nzima, usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, ni bora. Ni mgumu kidogo lakini hewa inapita, hauchoki upesi, na unauvumilia unyevu. Vipande vya nguo vilivyobaki navyo vinajaza mto, ila vikatwe vidogo sana, na ujue mto utakuwa mzito na utashika unyevu wa masika. Sponji ya dukani inafaa pia. Ni rahisi kufua na haina kazi.

Nataka mfuko wa sokoni usiokatika mikanda.

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara, na Zanzibar ilikwisha tangulia kuikataza, kwa hiyo mfuko wa kitambaa ni kitu cha kila siku. Kitenge peke yake ni chembamba. Kitie bitana ya bafta nzito, au tumia suruali ya jinzi ya mtumba kwa sehemu ya chini. Kata mapande mawili ya 40 kwa 45. Ukishashona pande na chini, bana kila kona ya chini iwe kama pembe tatu na uishone sentimita tano kutoka nchani. Mfuko utapata kitako cha sentimita 10 na muhogo utakaa wima.

Mikanda hukatikia pale inapounganishwa, si katikati. Shusha kila ncha sentimita nne chini ya mdomo wa mfuko, shona mraba, kisha pitisha mishono miwili ndani yake kutoka pembe hadi pembe. Ukifanya hivyo kitambaa chenyewe kitachakaa kabla ya mkanda kuachia.

Mtoto wangu anaanza chuoni. Mkoba wake ukoje?

Mdogo wa kuingia juzuu na daftari, basi: 28 kwa 33 ukishakamilika, wenye kifuniko cha kufunga kwa kifungo kikubwa ambacho vidole vyake vinakiweza. Mkanda uwe mrefu, upite begani upande wa pili, ili akikimbia mkoba usidondoke na msahafu ndani. Ndani tia bitana ya kitambaa laini. Nje tarizi jina lake la kwanza tu, kwa herufi kubwa, maana mikoba ya chuo kimoja hufanana yote. Hii ni kazi ambayo mtoto mwenyewe anaweza kusaidia, na wengi hujifunza kutia kifungo hapohapo.

Na kwa Ramadhani?

Vifuniko vya masinia na majagi. Chukua kitambaa cha wavu laini, pima upana wa sinia, ongeza sentimita 10, kata duara. Ukingo uzungushe utepe wa kitambaa uliokatwa kwa mshazari, maana uliokatwa kwa kunyooka hautakubali kupinda na duara litakunjamana. Kisha tunga shanga ukingoni, moja kila baada ya vidole vitatu. Shanga si pambo tu: ndizo zinazozuia upepo usifunue futari nzi wakatua. Kawa la ukili linafanya kazi hiyo kwa vyakula vya moto. Kifuniko cha wavu ni cha matunda, tende na vinywaji.

Msala wa safari nao unapendwa sana kipindi hiki. Kitambaa tabaka mbili na flaneli katikati, 110 kwa 65, umepigwa mishono ya kusimama ili tabaka zisiteleze, na kifuko chake cha kuukunjia. Huu kwa kweli ni mfarishi mdogo, na ni mahali pazuri pa kujaribu mbinu ile bila kujitia kwenye kazi ya miezi.

Kuna nguo ya kuvaa ambayo mtu asiyejua kukata anaweza kushona?

Dera la doti. Hakuna kiolezo wala kupima sana. Chukua kanga zote mbili na uziweke uso kwa uso, ule urefu wa 150 ukisimama, yaani jina la kanga litashuka upande wa mwili badala ya kukaa chini. Juu, shona mabega kutoka kila upande ukiacha katikati uwazi wa sentimita 28 wa kichwa. Ubavuni shuka sentimita 25 kutoka begani bila kushona, hapo ndipo mkono unapotokea, kisha shona kwenda chini na uache sentimita 30 za mwisho wazi kwa ajili ya hatua. Pinda shingo na makwapa. Mrefu atapata kifundoni, mfupi ataongeza upindo. Ni pana, linapitisha hewa, na linafaa mzazi aliye arobaini kwa sababu ukitaka unafungua mshono wa bega na kutia vifungo vya kunyonyeshea.

Kanzu je?

Subiri. Badani mbele na nyuma si shida, lakini taharizi za ubavuni na vikwapa vinataka mkono uliozoea, na kola yenye darizi ndiyo inayotazamwa kwanza msikitini. Mshonee kwanza mtoto mdogo, ambaye kanzu yake haitamfaa mwakani hata hivyo.

Nataka kushona kofia ya kiua. Inawezekana kujifunza ukubwani?

Inawezekana, na nitafurahi ukijaribu, maana ni kazi ambayo isipoendelezwa na mikono itabaki kwenye picha. Lakini ingia ukijua ilivyo. Kofia ya kiua haina cherehani katika maua yake. Ni bafta nyeupe iliyowekwa tabaka, vipande viwili: ukanda wa pembeni na duara la juu. Ua huchorwa kwanza juu ya kitambaa, na mara nyingi mchoraji si mshonaji. Wapo wanawake wanaojulikana kwa kuchora tu. Kisha kila kitobo hutobolewa na kuzungushiwa uzi mishono midogo midogo iliyobanana, mpaka tundu lisimame lenyewe. Vitobo ni mamia. Kofia moja huchukua wiki kadhaa hadi miezi, kwa kuwa hushonwa katikati ya kazi nyingine za nyumba, barazani, mchana ukiwa na mwanga.

Njia ya kujifunza ni kukaa na anayejua. Video hazionyeshi jambo muhimu, nalo ni kiasi cha kuvuta uzi. Ukivuta sana bafta inakunjamana na ua linaingia ndani. Ukilegeza, kitobo kinafumba baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Anza na kipande cha kujifunzia, uzungushe vitobo mpaka vifanane, ndipo ushike kofia yenyewe. Pima kichwa cha atakayeivaa juu ya nyusi, na uache nafasi kidogo kwa ajili ya kusinyaa.

Kofia ikishakwisha hufuliwa, hutiwa wanga na kukaushwa juu ya kitu cha mviringo kinacholingana nayo ili isimame. Kofia za mashine zimejaa madukani kwa bei ndogo, na si vibaya kuzivaa. Ila anayevaa ya mkono siku ya nikahi au ya Maulidi anajulikana, na mara nyingi anajua jina la aliyemshonea. Mtu akikuomba umshonee kwa bei ya kofia ya mashine, kataa kwa upole.

Kabati langu linanuka ukungu kila masika. Kuna kitu cha kushona?

Vifuko vya karafuu. Kata bafta au kipande cha kanga ya zamani, 10 kwa 20, kunja, shona pande mbili, jaza vijiko viwili vya karafuu kavu, ziba mdomo. Weka tabaka mbili za kitambaa, kwa sababu mafuta ya karafuu hutia doa nguo nyeupe. Harufu ikififia bonyezabonyeza kifuko, itarudi. Makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, nayo yananukia na ni ya bei nafuu zaidi. Kwa nguo za harusi wengine huchanganya na mkadi uliokaushwa vizuri sana; ukiwa na unyevu hata kidogo utaleta ukungu ule ule unaoukimbia. Vifuko hivi havikaushi kabati, kwa hiyo siku ya jua fungua milango na uanike nguo.

Ukitaka kuvishona kwa wingi na kuviuza, kumbuka kwamba mnunuzi wa karafuu kutoka kwa wakulima hapa Zanzibar ni Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC. Kununua za jikoni hakuna neno; kwa biashara ulizia kwanza kwa shirika hilo.

Sodo za kufua zinashonwaje, na ni salama?

Ni salama zikishonwa na kutunzwa vizuri, na kwa wasichana wa skuli ni msaada mkubwa. Urefu sentimita 25, upana katikati kama nane, na mbawa mbili zenye kifungo cha kubana chini ya chupi. Juu flaneli ya pamba, ndani tabaka mbili au tatu za taulo, chini kitambaa kisichopitisha maji. Kushona ni kuzunguka ukingo tu na mstari mmoja katikati ili tabaka zisihame.

Matunzo ndiyo yenye uzito. Loweka kwa maji baridi kwanza, kwani maji ya moto huifanya damu ishike. Kisha sabuni, suuza mpaka maji yawe meupe, uanike juani. Najua wengi huona haya wakazificha chini ya kitanda, na hapo ndipo madhara yanapoanzia. Kama haya inakuzidi, anika na utandaze kanga nyepesi juu yake. Jua na upepo vitapita. Mshonee binti seti ya sita na kifuko chake chenye zipu cha kuendea skuli.

Zawadi ya mzazi?

Winda za pamba laini, ubeleko wa kanga mbili zilizopigwa pamoja, na mwanasesere wa kitambaa kwa kaka au dada aliyepokonywa nafasi. Macho ya mwanasesere yatarizi kwa uzi, usitie vifungo: mtoto wa chini ya miaka mitatu atavitia mdomoni.

Nimenunua kikapu cha ukili, ndani kinachuna nguo.

Kitie bitana. Shona mfuko wa kitambaa wenye umbo la kikapu, pinda mdomo wake, kisha uushike kwa mkono kwenye suka la juu kwa sindano ndefu na uzi mnene. Usiitoboe miyaa ya ukili, pitisha sindano katikati ya suka. Ongeza mfuko wa ndani wa simu na funguo. Ni kazi ya jioni moja na kikapu kinapanda thamani.

Naruhusiwa kushona chandarua chenye dawa?

Kuziba tundu, ndiyo, na ufanye hivyo haraka: kipande kidogo cha wavu na uzi, hata kufunga fundo panapobidi. Kukikata ukafanyia kitu kingine, hapana. Ukingo wa kanga kuzunguka chini unasaidia kukichomeka chini ya godoro na kukipa uzito. Kikifuliwa kitumie sabuni isiyo kali, kisitiwe dawa ya madoa, na kikaushwe kivulini ili dawa isiharibike.

Nitajuaje kama kanga au kitenge ni pamba tupu, na nifue kabla ya kukata?

Chomoa nyuzi mbili tatu ukingoni, uzichome. Pamba huungua kama karatasi na kubakisha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuganda kuwa punje ngumu. Kwa vishikio vya sufuria usitumie poliesta hata kidogo, itakuyeyukia mkononi.

Na ndiyo, fua kwanza. Kitambaa kipya kina wanga na rangi ya ziada, na pamba husinyaa. Loweka peke yake katika maji baridi, suuza mpaka maji yatoke safi. Watu husema chumvi inazuia rangi isitoke. Kwa nguo iliyochapwa kiwandani haisaidii chochote. Kinachosaidia ni kusuuza.

Ninunue cherehani ya umeme au ya miguu?

Waliokuwa Unguja kutoka Desemba 2009 hadi Machi 2010, umeme ulipokatika miezi mitatu kwa kuharibika waya wa chini ya bahari, hawaulizi swali hili. Ya miguu inashona umeme ukiwepo au usiwepo, inapenya jinzi, na mafundi wa kuitengeneza wapo kila mtaa. Ya umeme ni nyepesi, inapiga zigizaga, na inafaa chumba kidogo. Ukiweza moja tu, chukua ya miguu. Ya mkono kama magoti yanakusumbua.

Wanaume je, nao wanashona nyumbani?

Mafundi wetu wengi ni wanaume. Hakuna sababu ya kijana wako kushindwa kupinda suruali yake.

Vitambaa nivipate wapi?

Mjini Unguja, Mchangani na Darajani. Kwa Pemba, madukani Chake Chake na Wete. Nenda asubuhi, ukishike kitambaa kwa mkono na ukitazame juani nje ya duka, kwa sababu taa za dukani huficha rangi.

Naweza kuuza ninachoshona?

Ndiyo, hasa vikapu vyenye bitana, mifuko na foronya, kwenye maduka ya mjini na vijiji vya pwani wanakopita wageni. Hesabu kitambaa, uzi, nauli na saa zako kabla ya kutaja bei. Majirani watakaotaka bei ya undugu wapo. Wapunguzie faida, si gharama.

Cherehani yangu inaruka mishono na uzi unakatika. Nipeleke kwa fundi?

Badilisha sindano kwanza. Hewa ya bahari huiotesha kutu ambayo jicho halioni, na sindano yenye kutu hukata uzi. Tumia namba 11 kwa vitambaa vyepesi, 14 kwa kanga na vitenge, 16 kwa jinzi na mikanda ya mifuko. Hakikisha imeingia mpaka juu na upande wake bapa umekaa panapotakiwa. Tia uzi upya tangu mwanzo, mguu wa cherehani ukiwa juu. Toa bobini, safisha vumbi la nyuzi chini yake kwa brashi, tia matone machache ya mafuta ya cherehani, si ya kupikia, kisha shona kwenye kitambaa kibovu mpaka mafuta yakome kutia doa. Ikiendelea kuruka baada ya hapo, ndipo umwite fundi. Usiku ifunike kwa kitambaa cha pamba, si nailoni, ili unyevu usijifungie ndani.